Ukishuka Chini ya Sitini

Bandarini, 4 Februari

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na cherehani yako, na kwamba wale wateja wako wa kwaya wameshaacha kubadili mawazo kuhusu kola. Mimi mzima. Mafua niliyoondoka nayo yameisha. Mwambie Mama nimevaa lile sweta tulilogombania, na kwamba mikono niliyosema ni mirefu mno ndiyo inayoniokoa, maana chumba cha kupimia samaki kina baridi kuliko friji ya hospitali. Amenishinda, nakubali kwa maandishi.

Kesho tunaondoka. Meli itaingia bandarini kila baada ya wiki tano au sita, na barua zitakuwa zinaningoja hapa kwenye sanduku la ofisi ya meli, kwa hiyo usione nimekaa kimya ukadhani nimemezwa. Kazi yangu ni hii. Wavu ukipanda, naletewa samaki kwenye beseni. Nampima urefu juu ya ubao, nampima uzito, nampasua, natoa ini nalipima peke yake kwenye mizani ndogo, halafu natazama tumboni alikula nini. Kila samaki ana kikaratasi chake. Profesa anayeongoza utafiti anataka kujua kama samaki wa kina kirefu wana afya sawa na wale wa juu yao, na kama wamekonda, basi ni kwa sababu ya kina chenyewe au ni kwa sababu ya chakula wanachokikuta huko. Wewe unapima viuno, mimi napima samaki, na Mama alipima akili za watoto wa mtaa mzima kwa hesabu. Ukoo wetu umezaliwa na rula mkononi.

Sasa jambo lenyewe. Tangu ile homa ya mwezi wa kumi na moja Mama hali vizuri, unajua na ninajua. Siku ninaondoka aliinama kufunga mkoba wangu nikaona mfupa wa bega umechomoza kwenye blauzi, na nikipanda basi nilikuwa nauona huo mfupa tu. Nyinyi wawili mkiulizwa habari mnajibu nzuri hata kama nyumba inaungua. Kwa hiyo sitaki habari nzuri, nataka namba. Umpime kila Jumamosi asubuhi kabla hajala, na nguo zile zile, uniandikie kilo ngapi.

Safari hii ya kwanza inaisha katikati ya Juni. Ya pili inaanza papo hapo na kwenda mpaka mwisho wa Agosti, na hiyo ndiyo itakayofika kina kirefu zaidi. Nimeahidiwa nafasi kwenye zote mbili. Tukubaliane hivi: nilimwacha ana kilo sitini na mbili. Uzito ukishuka chini ya sitini, mwezi Juni nateremka melini na narudi nyumbani, aende mwingine. Usiposhuka, naendelea.

Mwanao wa samaki.

*

Nyumbani, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika ikinuka samaki. Mama yako kasema ni mawazo yangu tu, lakini kafungua dirisha. Sisi wazima. Paa la jikoni limezibwa, ingawa fundi aliyeliziba kaacha tundu jipya pembeni, nadhani ili tusimsahau. Wale wa kwaya wamechukua sare zao hatimaye, na msimamizi wao kasema kola zimekaa sawasawa, baada ya kunirudisha nyuma mara tatu. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, nilitaka nikusanye Jumamosi nne kwanza.

Mizani ya zahanati imekufa, na sisi hatuna, kwa hiyo nikampeleka duka la nafaka, kwenye ile mizani wanayopandishia magunia. Muuza nafaka alicheka mpaka akakaa chini. Mama yako hakucheka. Alivua viatu, akapanda, akashika mnyororo, akamwambia yule bwana asome namba kwa sauti na asizungushe kwa sababu alimfundisha darasa la tatu na anajua alivyokuwa akizungusha. Sasa kila Jumamosi wanamwekea kigoda apandie, na kuna watu wanakuja kumsalimia hapo hapo juu ya mizani.

Namba zako hizi: sitini na mbili, sitini na moja na nusu, sitini na mbili na nusu, sitini na tatu. Sikuzipamba. Na mimi nina ushahidi wangu pia. Nimemlegezea sketi ya bluu kiunoni sentimita nne. Miaka thelathini nashika futi ya kupimia, kuna wanawake wamenificha mimba lakini futi haikuficha, kwa hiyo niamini nikikwambia dada yangu ananenepa. Sielewi tu ananenepa kwa kitu gani, maana chakula bado anakichokonoa kama mtu aliyedondosha sindano sahanini. Vijiko viwili vya supu, kipande cha mkate, kashiba. Labda mwili wa mtu mzima umejifunza kubana matumizi.

Anachoka haraka. Lakini sisi sote tunachoka.

Barua yako nimemsomea mara mbili, miwani yake anadai haioni mwandiko wako. Ana swali, na kaniambia niliandike kama alivyolisema. Huko chini kwenye giza, samaki ambaye hajawahi kushiba anajuaje kwamba ana njaa?

Usivue sweta.

Mama yako mdogo.

*

Bandarini, 19 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo mara mbili, moja yako na moja ya Mama. Barua yako niliisomea kwenye ngazi ya ofisi ya meli, sikusubiri hata kufika chumbani. Nilipofika kwenye sitini na tatu nilicheka peke yangu, na Mpishi wetu aliyekuwa anapita na mboga akaniuliza kama nimeposwa. Nikamwambia mama yangu kapanda kilo moja. Akanipa karoti.

Huku kila mtu yumo kwenye uchovu wake. Mpishi ana jino bovu na hataki lishikwe. Profesa kanyoa ndevu na sasa anafanana na mtoto wake mwenyewe. Mimi mikono imekakamaa kwa chumvi, lakini kisu nimekizoea.

Mwambie Mama swali lake nililipeleka mezani na watu wazima wakabishana nalo mpaka chai ikapoa. Jibu la kweli ni kwamba hatujui. Hata kujua amekula nini ni kazi. Samaki wengi wa kina kile wana kibofu cha hewa ndani, na wakivutwa juu kutoka mita elfu moja hewa hutanuka, tumbo linasukumwa likatokea mdomoni na chakula chote kinamwagika njiani. Unapata samaki mzima asiye na habari yoyote ya mlo wake. Kwa hiyo tunauliza ini. Ini ndilo ghala lao. Aliyekula ngisi na samaki wenzake ana ini nono, limejaa mafuta. Aliyeishi kwa kuokota takataka zinazodondoka kutoka juu ana ini dogo, jembamba. Na kadiri tunavyoshuka ndivyo chakula kinavyokuwa haba, ingawa si mara zote. Kuna kina ambako wamenona kuliko wa juu kwa sababu ngisi wamejaa hapo. Profesa anasema tusikimbilie kukilaumu kina kabla hatujauliza sahani.

Kitu kimoja kimenishangaza. Wiki ya tatu nilipata samaki wa mkia mrefu, kutoka chini kabisa, na uzito wake ulikuwa sawasawa kwa urefu wake. Nikamwandika kwamba hali yake ni nzuri. Nilipompasua, nyama ilikuwa inateleza kama uji wa jana, ikaacha dimbwi juu ya ubao, na ini lilikuwa dogo kama harage. Profesa akanieleza. Samaki wa namna hii akikaa na njaa muda mrefu, mwili hula nyama yake mwenyewe, na mahali pa nyama panaingia maji. Umbo halibadiliki, mizani haibadiliki. Unapima maji ukidhani unapima samaki. Nimelazimika kurudia vikaratasi mia mbili na zaidi, kila mmoja nimpime na unyevu wa nyama yake.

Basi, habari kubwa. Kwa vile Mama anaongezeka, nimeweka sahihi ya safari ya pili. Fomu ilitakiwa leo. Nimesaini nikiwa na barua yako mfukoni, na moyo wangu mweupe. Mwambie nitamletea jibu lake kutoka mita elfu mbili.

Mwanao.

*

Nyumbani, 27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Unisamehe kwa kuchelewa. Mkanda wa cherehani ulikatika, halafu wakaja na sare za shule, halafu mvua, basi siku zikapita. Tupo. Jirani wa nyumba ya nyuma kajifungua mapacha, na mume wake anazunguka mtaani kama kaambiwa habari ya mtu mwingine. Muuza nafaka anakusalimu.

Namba: sitini na nne, sitini na tano, sitini na tano na nusu, sitini na sita, sitini na sita na nusu. Jumamosi nyingine zote hatukwenda, kulikuwa na tope.

Barua yako nilimsomea mama yako. Aliniambia nirudie pale pa samaki wa mkia mrefu. Nikarudia. Akasema, mwanangu anafundisha vizuri. Alifurahi kuhusu sahihi, na kaniagiza nikuandikie hivyo, kwamba amefurahi.

Nilikuwa nataka kukuuliza. Huyo samaki aliyejaa maji, mkimpeleka mahali penye chakula kizuri anarudi hali yake? Ni swali langu mimi, si la mama yako. Usijisumbue kama una kazi.

Ukipata nafasi ya kupita nyumbani mwezi Juni, hata siku mbili, upite. Kama huna, basi.

Mama yako mdogo.

*

Bandarini, 14 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Wapongeze majirani kwa mapacha. Mpishi hatimaye kang'oa jino na amelihifadhi kwenye kiberiti, anatuonyesha tukikaribia kula.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Hukuandika Mama anakulaje. Hukuandika sketi, blauzi, wala kwamba kakugombeza kwa jambo lolote, na nyinyi hamjamaliza wiki bila kugombana tangu nizaliwe. Jana nilikwenda mpaka stendi ya mabasi. Nilisimama dirishani pa tiketi, nikahesabu: siku mbili kwenda, mbili kurudi, meli inaondoka baada ya siku tatu. Isingewezekana isipokuwa niache safari. Nikakumbuka tulivyokubaliana. Sitini na sita na nusu si chini ya sitini. Nikarudi melini.

Kuhusu samaki wako, sijui. Hakuna aliyewahi kumrudisha mmoja chini akamfuata kuona.

Tunaondoka kesho kutwa, na huko tunakokwenda hakuna barua mpaka mwisho wa Agosti. Redio ya meli hupokea simu ya maandishi kwa jambo la lazima tu. Kama kuna kitu, Mama mdogo, kiandike. Mbusu Mama kichwani, pale nywele zinapogawanyika.

Mwanao.

*

Nyumbani, 9 Julai

Mwanangu,

Najua barua hii haitakukuta. Itakaa kwenye sanduku la ofisi ya meli mpaka Agosti, na ndiyo maana nimepata nguvu ya kuiandika. U mzima? Mimi mzima wa mwili.

Mama yako anaumwa. Siku ile nilipomsomea barua yako ya Aprili, nilipofika pale pa maji nilitaka kuacha, nikaendelea kusoma kwa sababu alikuwa ananitazama. Baada ya chakula nilimkandia miguu kama kawaida. Nikabonyeza muundi kwa kidole gumba, nikaachia. Shimo likabaki. Nikahesabu mpaka ishirini bado lipo. Miguu ile nilikuwa naikanda kila siku, mwanangu, nikisifia ilivyojaa. Tumbo nilikuwa nalipima kwa futi na kulilegezea sketi, sentimita nne, kisha sita, kisha nikaweka lastiki, na kila mara nikamwambia dada umenawiri. Aliacha niseme.

Nilimpeleka hospitali kubwa keshoye. Daktari kijana, mpole, alimlaza akamgonga tumbo kwa vidole. Akasema ni ini. Limekakamaa, halifanyi kazi, na maji yanakusanyika tumboni na miguuni. Pengine ni ugonjwa wa zamani aliokaa nao bila kujua. Nyama yote ya mwilini imekwisha, kasema, ukiondoa maji huyu mama hafiki kilo arobaini na tano. Kampa dawa za kukojoa. Hakuzungumzia kupona. Nilikuwa siwezi kukuandikia neno lile, ini, kwa sababu barua zako zimejaa hilo neno, na kila nikilifikiria nilikuona umelishika mkononi.

Tulipotoka alikaa kwenye benchi la nje, akasema, "Usimwandikie." Nikamwambia dada, tulikubaliana na mtoto. Akasema, "Mlikubaliana sitini. Nina sitini na sita. Hesabu ni hesabu." Alicheka, mimi nikalia, watu wakapita. Kisha akasema umengoja safari hiyo miaka sita, na akikuita sasa utakuja kukaa pembeni ya kitanda umtazame, na hutamponya. Ni mkubwa wangu. Alinilea mama yetu alipokufa, alinivusha barabara, alininunulia mkasi wangu wa kwanza. Hajawahi kuniomba kitu nikamkatalia, na sikujua namna ya kuanza.

Nimeandika lile swali langu la samaki nikitumaini utaelewa. Nimeandika upite Juni nikitumaini utakuja. Zaidi ya hapo niliogopa. Namba zote nilizokuandikia ni za kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sikukudanganya hata nusu kilo.

Leo ana sitini na tisa. Anapumua kwa kukaa, mito mitatu mgongoni. Bado anasahihisha watu.

Mama yako mdogo.

*

SIMU YA MAANDISHI, 2 Agosti

MAMA AMEFARIKI JANA ASUBUHI STOP MAZIKO KESHO STOP PUMUA MWANANGU STOP MAMA MDOGO

*

Bandarini, 20 Septemba

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja tu. Wasalimie wote waliokuja kukaa na sisi, hasa Muuza nafaka, ambaye alipanga viti siku nzima.

Naandika kwa sababu wiki tano nilizokaa nyumbani tulizungumza kila kitu isipokuwa hiki. Tuligawa nguo zake, tulihesabu vikombe vya kurudisha kwa majirani, tuligombana kuhusu pazia. Ukiingia chumbani mimi natoka. Uliniona nina hasira na wewe, na kweli nilikuwa nayo. Barua yako ya Julai niliikuta kwenye sanduku pamoja na bili ya kufulia, nikaisoma nikiwa nimeshajua mwisho wake. Nilikuchukia kwa siku mbili nzima, njia yote ya basi, kwamba ulimsikiliza yeye ukaniacha mimi.

Lakini sitaki ubebe peke yako, kwa hiyo nisikilize. Nilijua. Si Aprili, Aprili nilikuwa mjinga tu. Juni nilijua. Niliposoma sitini na sita na nusu na lile swali lako, mikono yangu ilijua kabla ya kichwa, kwa sababu ilikuwa imepasua samaki wa namna ile mia na kitu. Mtu mzima aliyekuwa anakula vijiko viwili haongezeki kilo nne. Nilisimama pale dirishani pa tiketi, karani kaniuliza ninakwenda wapi, nikajiambia mtu si samaki. Kwa maneno hayo matatu nikarudi melini. Nilitaka kwenda kule chini, Mama mdogo. Nilikuwa na namba ya kujifichia, na namba hiyo niliiweka mwenyewe.

Tulifika mita elfu mbili tarehe ishirini na nane Julai. Wavu ulileta samaki kumi na mmoja. Niliwapima wote vizuri. Takwimu ni nzuri, Profesa amefurahi, jina langu litaandikwa la pili kwenye ripoti. Simu yako ilinikuta nimeshika kisu, na kutoka hapo mpaka bandari ya karibu zilikuwa siku tisa. Mpishi alikuwa ananiletea chakula na kukirudisha.

Naomba kitu kimoja. Siku za mwisho, aliniulizia? Uniandikie kama ulivyokuwa ukiniandikia uzito, bila kupamba. Nikijua nitakaa nacho. Nisichoweza ni kukaa nikikisia.

Mwanao.

*

Nyumbani, 8 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Mapacha wa jirani wameanza kucheka. Pazia nimelitundika kama ulivyotaka, na kweli linaingiza mwanga zaidi.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima nikishona juu yake. Hasira yako ilinistahili na sikuomba uipunguze. Na hilo la dirishani pa tiketi umelisema, nimelisikia, na halijanifanya nikupende pungufu. Tulikuwa wawili, kila mmoja kamwachia mwenzake aseme.

Umeniomba nisipambe. Nilipokuwa naingia chumbani nawe unatoka, hiki ndicho nilichokuwa nataka kusema, na nilishukuru kila ulipotoka.

Aliniambia nisikwambie, na mpaka wiki ya mwisho alisimama hapo hapo. Lakini wiki ile akili ilianza kwenda na kurudi, na ilipokuwa inakwenda alikuwa anakutaka. Jumatatu kaniuliza, "Mtoto amefika wapi?" Sikuwa na moyo wa kumwambia uko katikati ya bahari na sijakuita. Nikasema meli imeingia bandarini. Akatulia, akanywa maji. Nilidhani kasahau. Jumatano kauliza tena amefika wapi, nikasema amepanda basi. Akahesabu kwa vidole, siku mbili, akasema basi Ijumaa. Hesabu haikumtoka, mwanangu, vingine vyote vilikuwa vimemtoka. Usidhani alikuwa na kinyongo. Alikuwa na furaha, alikuwa anangoja mtu.

Alhamisi yote nilitafuta la kumwambia Ijumaa. Nilikwenda posta kukupigia simu ya maandishi, nikasimama kwenye foleni, nikakumbuka benchi la hospitali na kwamba nilimkubalia, nikatoka kwenye foleni. Hilo nalo lijue.

Ijumaa asubuhi aliamka na akili safi kuliko wiki nzima. Aliomba nimchane nywele. Akauliza, nikamwambia ameshateremka stendi, anakuja kwa miguu. Akatazama mlango wa chumba chako akasema, "Na chumba chake hivyo kilivyo? Nenda kakifagie, asikute vumbi." Nikamwambia dada, nikae nawe kidogo kwanza. Akasema nenda, ataingia sasa hivi.

Nikachukua ufagio nikaenda. Nilifagia vizuri, mwanangu, mpaka chini ya kitanda, nikasogeza na sanduku la vitabu, nikakunja shuka upya, kwa sababu alikuwa anasikia na angejua kama nimefanya nusu nusu. Niliporudi kumwambia kiko tayari, alikuwa ameshaondoka, kichwa kimegeukia mlangoni.

Mama yako mdogo.